Jina la Herufi Saba

Galway, 12 Februari 2009

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini theluji imekuachia angalau njia ya kutoka nyumbani hadi kanisani. Mama kaniambia uliteleza mbele ya duka la mikate, na watu walipokuja kukuinua ukawaambia ulikuwa umepiga magoti kusali. Mjomba, una miaka sabini na minne. Nunua viatu vyenye meno.

Mimi sijambo. Hapa mvua hainyeshi kutoka juu, inakuja kwa ubavu. Chakula ni viazi, na siku za sikukuu ni viazi vya aina mbili. Jumapili niliwapikia wenzangu anolini za Mama, zile tambi zilizojazwa nyama, kwenye mchuzi wa kuku, wakala bila kusema neno. Watu wa huku kunyamaza ni muujiza, nimeona nikuandikie wewe padri.

Sasa lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa simu yako unasema imekufa na Mama anasema umeifungia kwenye droo. Unajua vyuo vyetu vitatu, cha hapa, kimoja cha Ujerumani na kimoja cha kwetu Italia, tumegawana kazi ya kuchapisha mashairi ya Kilatini ya karne ya saba. Mimi nimepewa lile ombolezo la Pontorba, lililomo katika kile kitabu cha kurasa za ngozi unachokitunza wewe. Beti zake ni ishirini na tatu, kila ubeti unaanza na herufi yake, kwa alfabeti ya Kilatini, kuanzia A mpaka Z. Kumi na tisa zinasomeka vizuri. Nne za mwisho ziko kwenye ukurasa wa mwisho, na wataalamu wote wanaandika kwamba ukurasa huo uliharibiwa na unyevu.

Mimi nasema shairi hili lilitungwa na mwanamke, mtawa wa hapo hapo kwetu. Anazijua kazi za chumba cha kufumia kama mtu aliyekaa humo, si kama mtu aliyechungulia mlangoni. Dokta Brömmel, mwenzetu wa Ujerumani, anasema hata mwanamume anaweza kuchungulia vizuri. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Oktoba. Nisipopata ushahidi, litachapishwa kama kazi ya "mtawa wa kiume asiyejulikana", na sura yangu yote, kazi ya miaka minne, itaondolewa. Watunzi wa zama zile walikuwa wakijitaja mwishoni. Kwa hiyo naamini jina lake liko kwenye ukurasa ule.

Kuna kamera siku hizi inayopiga picha kwa taa za rangi nyingi, hata zile ambazo jicho la mtu halizioni. Unyevu si kitu kwake. Mafundi wawili wanaweza kuja Aprili. Ninachoomba ni ruhusa yako na mlango ulio wazi.

Mpwa wako akupendaye,
Nives


Pontorba, 9 Machi 2009

Mpwa wangu Nives,

Milele amina. Viatu nimenunua, sasa natembea kama mbuzi wa milimani na Delfina, anayenipikia, ananicheka. Goti la mama yako linaendelea vizuri, ila yeye mwenyewe hataki mtu ajue, maana likipona atakosa sababu ya kukaa wakati wa mahubiri yangu. Nguruwe wakati wa Kwaresima hatuli, lakini coppa, ile shingo yake iliyokaushwa kwa chumvi, inaning'inia darini, nayo inanitazama kila nikipita.

Nimesoma habari za kazi yako kwa furaha kubwa. Tangu ukiwa mtoto ulikuwa ukinisahihisha Kilatini changu mbele ya waumini, na sikukuchapa kwa sababu ulikuwa sahihi.

Kuhusu ukurasa, kufuli la maktaba limeshika kutu, na mfua kufuli wa Piacenza hapandi huku mpaka barabara ikauke. Tena ruhusa si yangu peke yangu, kuna uaskofu, na uaskofu hauendi mbio. Kwa nini usiridhike na beti kumi na tisa? Watu wengi wamebakiza duniani machache kuliko hayo.

Nina swali moja tu, la kizee. Hiyo kamera yenu inaonyesha maandishi peke yake, au inaonyesha pia kile kilichoyaharibu?

Nakuombea kila siku,
Mjomba wako, Ulderico


Galway, 17 Machi 2009

Mjomba,

Leo ni sikukuu ya mtakatifu wao Patriki, ngoma zinapita chini ya dirisha na mtu mmoja aliyepakwa rangi ya kijani amelala kwenye ngazi zetu. Nimempa blanketi. Mwambie Mama sijaanza kunywa, bado.

Kamera inaonyesha kila kitu: maandishi, madoa, mafuta ya vidole, hata pale mtu alipokwangua ngozi akaandika upya. Usiwe na wasiwasi, haiumizi ngozi hata kidogo.

Kuridhika siwezi. Samahani kama ninasema kwa ukali. Huyu mtu alihesabu herufi zake moja moja ili asiache hata moja, halafu mimi nimwambie inatosha, koma kwenye T? Hapana. Uaskofu nimewaandikia mwenyewe, wamejibu kwa siku sita: hawana pingamizi, wanakuachia wewe. Kufuli nitalilipia mimi. Mafundi watakuja tarehe 20 Aprili, baada ya Pasaka. Sema ndiyo tu, Mjomba.

Nives


Pontorba, 2 Mei 2009

Nives mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Juma Takatifu, kisha ubatizo wa mapacha wa huko juu kwenye kinu, kisha mafua. Mama yako anakusalimu, amepanda maharage mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kuku walidhani ni zawadi.

Mafundi wako walipiga simu kwa Delfina, nikamwambia awazuie. Nilipaswa kukueleza mapema. Ukurasa haupo hapa. Kitabu kipo, ukurasa wa mwisho umepelekwa kutengenezwa, na kazi hizi huchukua miaka. Usiusubiri.

Mungu akulinde,
Ulderico


Galway, 15 Mei 2009

Mjomba,

Mama yu mzima, nimezungumza naye. Mimi sijambo.

Niliuliza uaskofu ukurasa umepelekwa kwa fundi gani. Hawakupeleka ukurasa wowote popote. Wanasema wewe ndiye mwenye ufunguo wa pekee tangu mwaka 1960, na hakuna kitu kilichowahi kutoka.

Umenidanganya. Uliyenifundisha kusoma maandishi ya zamani ni wewe, nikiwa na miaka tisa, kwenye meza ya jikoni, ukaniambia msomaji wa kweli haandiki asichokiona. Profesa Mulkerrin, anayesimamia kazi yetu hapa, ameniuliza kama kuna tatizo na mtunzaji wa kitabu. Nikasema hapana, ni mjomba wangu. Nilijisikia mjinga nikilisema hilo.

Sitaacha. Kama unauficha, sema unauficha. Kama umeuuza, sema umeuuza. Kama umepotea, nitakuja nitafute kila kabati la nyumba hiyo mimi mwenyewe.

Nives


Pontorba, 8 Julai 2009

Mwanangu,

Wiki saba nimeianza barua hii na Delfina amewashia jiko nakala zake nyingi. Hii ya leo ataipeleka posta kabla sijaisoma mara ya pili. Mama yako hajambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Ukurasa uko hapa. Haukuharibiwa na unyevu. Niliuharibu mimi.

Ilikuwa Oktoba 1961. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, padri mpya, mwaka mmoja tu na ufunguo mfukoni. Kila siku baada ya misa nilikuwa nakaa na kitabu kile. Wino wa ukurasa wa mwisho ulikuwa umefifia kama alama ya kikombe kwenye kitambaa, kwa sababu ndio uliokuwa nje kwa mamia ya miaka, ukisuguliwa na kila kilichowekwa juu yake. Ikaja barua: msomi mkubwa kutoka ng'ambo angefika Jumatatu kuutazama. Nami nikataka auone mezani ukiwa tayari umesomwa, na msomaji ni kapadri kadogo ka milimani.

Seminarini kulikuwa na kitabu cha zamani cha mwongozo, kilichoandikwa na watu wa karne ya kumi na tisa. Kilisema chemsha zile nundu ndogo zinazoota kwenye miti ya mialoni, chuja, paka maji yake kwa brashi juu ya wino uliofifia, nao utarudi kuwa mweusi. Mialoni tunayo. Nikachemsha kwenye sufuria ya mama yangu, bibi yako, nikapaka ukurasa mzima kwa mara moja, juu hadi chini.

Nives, maandishi yalirudi. Yalipanda kutoka kwenye ngozi yote kwa pamoja, meusi, safi kama yaliyoandikwa asubuhi ile. Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Nikachukua daftari nikaanza kunakili, kuanzia mstari wa kwanza, taratibu, kwa mwandiko mzuri, kama nilivyofundishwa. Sikuharakisha. Kile kitabu cha mwongozo hakikusema kwamba ngozi nayo hunywa dawa. Baada ya dakika ishirini hivi pembezoni mwa ukurasa pakawa kahawia, kisha katikati, kisha kote. Nilikuwa nimefika mstari wa kumi na sita, ambao ndio wa mwisho. Nusu yake niliipata. Nusu iliyobaki ikazama nikiwa nimeshika kalamu juu ya daftari.

Jumatatu yule msomi alifika, akautazama, akatikisa kichwa. "Unyevu," akasema. Mimi nikaitikia. Akaandika unyevu, na waliomfuata wote wamenakili kwake. Alama za brashi zipo, kwa jicho hazionekani, lakini kamera yako ingeziona siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nilikuuliza.

Daftari hili hapa, ndani ya bahasha. Sijalionyesha mtu kwa miaka arobaini na minane. Kulitoa kungekuwa kukiri, na kulichoma nilishindwa. Ulikuwa unamtafuta mwanamke. Soma ubeti wa Y.

Waite mafundi wako. Kufuli halina kutu, halijawahi kuwa na kutu.

Ulderico


Galway, 20 Julai 2009

Mjomba,

Sina salamu nzuri leo, lakini sitaki uendelee kusubiri.

Nililia, kisha nikatupa kikombe ukutani, kisha nikasoma. Nimesoma daftari lako mara kumi na moja. Nakuandikia ubeti wa Y kwa maneno yangu, ili ujue kwamba nimeufikia:

Tulikuwa mabinti watatu wa mama mmoja,
wawili nimewasokotea sanda kwa sufu yangu.
Ya tatu nani ataisokota? Basi naandika,
mkono ungali na joto.

Ni mwanamke, Mjomba. Anasema mwenyewe, kwa maneno ambayo Brömmel hataweza kuyakunja. Na ubeti wa Z nao umeusoma, kwa hiyo unajua alichoomba. Anamwambia atakayefika chini kabisa ya ukurasa asimwombee kwa wingi wa maneno, amtaje tu kwa jina, mara moja, kwa sauti. "Nami naitwa", halafu mwandiko wako unakatika.

Miaka arobaini na minane! Nimekukasirikia sana, na hasira hii nitakaa nayo, sitaimaliza kwa barua moja. Ulikuwa na haya yote kwenye droo wakati mimi nagombana na Wajerumani juu ya nyuzi na vitanzi.

Sasa kazi. Sheria yetu ni kwamba hakuna neno linalokubaliwa kwa macho ya mtu mmoja. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, kisha tunalinganisha. Wewe ni mmoja, na ukurasa hausomeki tena. Brömmel ameshasema daftari la padri kijana asiyejulikana, la mwaka 1961, halina uzito. Nimemwambia asubiri kamera. Mafundi wanakuja tarehe 27, nami nakuja nao. Mwambie Delfina asihangaike na kupika.

Nives


Pontorba, 10 Agosti 2009

Mpwa wangu,

Umeondoka jana tu, na tayari nimekosa la kufanya. Delfina bado amenuna kwa sababu mafundi wako walikula maandazi yote ya gnocco aliyokaanga, halafu wakaomba ya kubeba.

Kwa siku nane tulizokaa mezani hukunitukana hata mara moja. Ningefurahi kama ungenitukana. Uliniambia, "Mjomba, shika taa hapa," nikashika. Nilipoziona alama za brashi yangu kwenye kioo cha mashine, nyeupe, pana, za mtu mwenye haraka, nilitaka kutoka nje. Nikabaki kwa sababu hukugeuka kunitazama.

Umeniambia Profesa wako, kwa huruma, amependekeza kitabu kiandike "padri mmoja wa huko". Mshukuru. Mwambie padri mmoja wa huko ana jina, na aliyenibatiza alilitaja kwa sauti. Liandikwe lote, pamoja na nilichokifanya. Ufunguo wa maktaba nimeupeleka uaskofuni mwenyewe, kwa basi. Waliuliza kwa nini. Nikawaeleza, ikachukua dakika tano. Nilidhani ingechukua zaidi.

Ulderico


Galway, 12 Oktoba 2009

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Mama ananiambia uyoga wa mwaka huu umekuja mkubwa kama kofia, na kwamba umeufuata mlimani kwa vile viatu vyako vya mbuzi. Hongera kwa viatu. Hapa giza limeanza kuingia mapema na nimenunua soksi za sufu ya huku, zinawasha kama adhabu.

Majibu yamekamilika. Kati ya mistari yako kumi na mitano na nusu, kamera imeona vipande vya mistari sita. Brömmel alivisoma Ujerumani bila kulifungua daftari lako, mimi nilivisoma hapa. Tukalinganisha. Kila kilichoonekana kinalingana na ulichoandika, herufi kwa herufi. Hukukosea hata mahali pamoja. Unajua alichoniandikia Brömmel, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mama yake? "Mzee wako anasoma vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Ni msiba kwamba alikuwa na sufuria." Amekubali. Shairi linakwenda kwa mchapaji kama kazi ya mwanamke, sura yangu ndani yake, na wiki ijayo nautetea utafiti wangu mbele ya jopo.

Chini ya ukurasa tumeandika hivi: "Ukurasa huu uliharibiwa mwaka 1961 kwa dawa iliyopakwa na Padri Ulderico Cavanna, ambaye ndiye pia aliyeusoma. Mistari ya 77 hadi 92 tunaijua kwa mkono wake." Nimeiandika mimi mwenyewe. Sikuweza kuitenganisha sentensi ya kwanza na ya pili, na sikutaka.

Sasa jina. Tuliipiga picha ile kona ya chini mara arobaini, kwa kila taa iliyopo. Dawa ilikusanyika pale chini, uliinamisha ukurasa ili ikauke, ikatiririka. Hakuna kitu. Mafundi wamepima nafasi kwa kulinganisha na mwandiko wa juu: ni herufi saba, si zaidi. Kwa hiyo kitabu kitachapwa na nukta saba. Ndivyo tunavyofanya, nukta moja kwa kila herufi iliyopotea, ili atakayekuja ajue nafasi ina upana gani.

Nilitaka kukuandikia kwamba haidhuru. Inadhuru, Mjomba. Lakini bila wewe tusingekuwa na mabinti watatu, wala mkono wenye joto, na mtu asiyejulikana angevaa joho la mwanamume kwa miaka elfu nyingine. Yote mawili ni kweli, na nimechoka kuchagua moja. Krismasi nakuja nyumbani.

Nives


Pontorba, 3 Novemba 2009

Nives, mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera, Daktari. Mama yako amelitangaza hadi kwa muuza jibini wa kijiji cha pili. Goti limepona kabisa, alikimbia.

Jana ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Unakumbuka desturi yetu: nasoma majina ya wafu wa parokia, familia kwa familia, na kila familia inainama kwa jina lake. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko Pasaka, kama kawaida, maana watu huwaogopa wafu wao zaidi ya Mungu. Nilisoma majina mia mbili na kumi na moja. Nilipofika mwisho nikasema, "Na dada yetu, mtawa wa hapa," kisha nikanyamaza, muda ule ule ambao jina hutumia kupita mdomoni.

Delfina akakohoa, akidhani nimepoteza mahali. Mtu wa nyuma akanong'ona, "Amezeeka." Nikaweka orodha chini nikawaambia yote, kutoka altareni, bila karatasi: sufuria, brashi, msomi, unyevu, miaka arobaini na minane. Niliwaambia kwamba mwanamke wa hapa, aliyezika dada zake wawili, aliomba kitu kimoja tu, atajwe kwa sauti na mtu atakayefika chini ya ukurasa. Na mtu huyo alikuwa mimi. Jina lake lilisimama mbele yangu kwa dakika ishirini, jeusi, wazi, la kusomeka na mtoto, nami nilikuwa nanakili mistari ya juu kwa mwandiko mzuri.

Nilidhani wataanza kutoka. Kisha mama yako akainama pale alipo, kwenye benchi la pili, kama anavyoinama kwa jina la marehemu baba yetu. Halafu wa benchi la nyuma yake, halafu wengine, mpaka mlangoni. Kanisa zima liliinama kwa ajili yake, Nives, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la kusema.

Mjomba wako,
Ulderico